Umekulia kijijini na unataka kuandika: kwangu mimi mlango ulikuwa michembe

Mkuu, swali lako limenigusa, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa urefu. Unasema umekulia kijijini, sasa uko mjini, unatamani kuwa mwandishi, lakini kila ukikaa kuandika unaona mambo ya kwenu ni ya kawaida mno: shamba, ng'ombe, chakula kilekile kila siku. Unauliza kama mtu wa namna hiyo ana cha kuandika, au ni heri aandike mambo ya mjini ambayo ndiyo wasomaji wanayapenda.

Cha kuandika unacho, tena kingi. Kinachotusumbua wengi wetu ni kuandika kijiji cha kuazima. Jogoo anawika, jua linachomoza nyuma ya vilima, kina mama wanakwenda mtoni na mitungi kichwani, bibi amekaa kando ya moto anasimulia ya sungura na fisi. Kijiji hicho hakina wilaya, hakina mwaka, na hakuna aliyewahi kuishi humo. Katika kikundi chetu cha kusomeana miswada nimekutana nacho mara nyingi mno: aliyekulia Same na aliyekulia Sumbawanga wanaleta kijiji kimoja, jogoo yuleyule. Na hawa ni watu wenye vipaji kabisa. Wamekiandika kijiji walichokisoma vitabuni tangu shule ya msingi, kile walichokiishi wamekiacha nyumbani kwa sababu kinaonekana hakistahili karatasi.

Mimi mwenyewe bado nachipukia. Nina hadithi fupi kadhaa zilizokwisha kusomwa na watu, na riwaya moja naendelea kuihangaikia usiku baada ya kazi. Nakueleza tu kilichonifungulia njia.

Kwetu ni Usukumani, wilaya ya Kwimba, mkoa wa Mwanza. Na chakula ninachokipenda kuliko vyote ni michembe ya karanga. Wa Kanda ya Ziwa mnanielewa. Kwa ambao hamjawahi kuila: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikiwa vibichi na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, hayo ni matobolwa, ambayo unaweza kuyatafuna hivyohivyo makavu, na watoto huenda nayo machungani mifukoni. Michembe yenyewe lazima irudi chunguni. Unaiosha, unaichemsha mpaka ilainike, kisha unatia karanga zilizokaangwa kidogo na kutwangwa, unakoroga taratibu. Sukari haihitajiki hata kidogo, kwa sababu utamu wa kiazi umekwisha kukolea juani. Mchuzi unakuwa mzito, rangi ya hudhurungi, na mafuta ya karanga yanaelea juu. Ukiila asubuhi na mapema kabla ya kushika jembe, mchana unakukuta bado umesimama.

Sasa ona jinsi nilivyoiandika hapo juu. Hayo ni maelezo sahihi, lakini bado si hadithi, kwa sababu hakuna mtu ndani yake. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kuhusu michembe hakuna zaidi ya hapo. Mabadiliko yalikuja siku nilipoamua kuandika kazi yenyewe, mikono ikifanya nini, hatua kwa hatua, bila kusema kwamba kijijini kuzuri wala kwamba maisha magumu.

Viazi vikichimbwa kiangazi, mwezi wa sita au wa saba, havimenywi papo hapo. Vinaachwa kwanza vinyauke, ngozi ilegee. Kisha wanawake na watoto wanakaa chini, kila mmoja na kisu chake. Kisu cha bibi kilikuwa kimeliwa na jiwe la kunolea mpaka kimebaki chembamba kama jani la mtama, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Ule utomvu mweupe wa kiazi unaganda vidoleni, baadaye unakuwa mweusi, na sabuni haiuwezi. Unaisha wenyewe kwa siku zake. Msimu huo ukimwona binti kanisani amekunja vidole ndani ya khanga, unajua kwao wamekata michembe.

Vipande vinabebwa mpaka kwenye jabali, kwa sababu kwetu majabali yapo kila upande, na mwamba uliopigwa na jua tangu asubuhi unakausha haraka kuliko mkeka. Wakubwa wanatandaza, watoto wanabaki kulinda mbuzi na kuku wasisogee. Kujua kama imekauka hutazami rangi, unasikiliza: ukichota na kumwaga, iliyo mbichi inaanguka kimya, iliyokauka inagongana. Hatari kubwa ni mvua ya ghafla, ile isiyotarajiwa mwezi wa saba. Michembe ikilowa ikiwa nusu kavu inakuwa myeusi na kuota ukungu, na hapo umepoteza chakula cha Januari, wakati mahindi ya mwaka mpya bado hayajakomaa na kihenge kimebaki na vumbi. Wingu likijikusanya, kijiji kizima kinakimbilia mawe. Hata watu walionuniana wanasaidiana kuzoa. Kununa kunaendelea baadaye.

Nilipofika hapo kwenye kuandika ndipo nikakwama kwenye jambo moja dogo. Jabali letu lilikuwa mbali. Kati ya nyumba yetu na jabali hilo tulipita mawe mengine mazuri, mapana, yasiyo na mwenyewe, na sisi watoto tukiwa na vikapu vichwani tulilalamika kila mara. Nikashindwa kuandika kwa nini tulikwenda kule. Likizo iliyofuata nikamuuliza bibi. Akanijibu kwa mshangao, kama vile ni jambo ambalo kila mtu analijua: "Si lilikuwa nyuma ya nyumba yangu? Tulipohamishwa, jiwe lilibaki kule. Hilo ndilo ninalolijua, najua jua linalipata saa ngapi na maji ya mvua yanapita wapi."

Kuhamishwa, maana yake Operesheni Vijiji, ile ya kuwakusanya watu waliotawanyika wakaishi pamoja vijijini. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na watu wote wawe wamehamia kufikia mwisho wa 1976. Usukumani kaya zilikuwa zimetawanyika, kila boma na mashamba na malisho yake, na uzio wa miti ya minyaa umelizunguka. Nilikuwa nimejifunza hayo yote shuleni na kuyajibu kwenye mtihani. Mzee mmoja wa ukoo nilikuwa nimewahi kumwomba anisimulie habari za ujamaa, naye akanipa maneno manne matano ya jumla, yale ambayo mtu humpa mgeni au mwandishi wa habari. Lakini siku ile, kwa kuuliza habari ya jiwe la kuanikia, bibi alizungumza mpaka taa ikawashwa. Alieleza paa lilishushwaje, nani alibeba mlango, kihenge kilichobaki na mtama ndani kwa sababu hakikubebeka, na jinsi mwaka wa kwanza pale kando ya barabara alivyotafuta mahali pa kuanika, akaona kila jiwe lina kivuli cha mti saa ya jua kali, mwishowe akachukua kikapu na kurudi kwenye mahame yake. Minyaa ilikuwa bado imesimama mraba uleule. Aliendelea kwenda kila kiangazi, miaka yote hiyo, na hakuwahi kuliita jambo hilo kwa jina lolote zaidi ya kuanika.

Mkuu, hapo ndipo riwaya yangu ilipoanzia. Nilikuwa nimekaa na historia ya nchi hii tangu utotoni, naibeba kichwani kwa maana halisi kabisa, ndani ya kikapu cha viazi.

Kwa hiyo ukirudi nyumbani, usiwaombe wazee wakusimulie ya zamani. Ukiomba hivyo wanakupa hotuba. Uliza habari za vitu: chungu hiki kilitoka wapi, kwa nini tunapika kwa kuni za mti huu na si ule, nani alikufundisha kukata, ule mwaka wa njaa mlikula nini kwanza na nini mwisho. Ukiweza, shika kazi huku unauliza. Mtu anayemenya anazungumza tofauti na mtu aliyewekwa kwenye kiti akitazamwa usoni. Mimi hurekodi kwa simu kwa ruhusa yao, ila daftari ndilo hunisaidia zaidi, kwa sababu humo naandika pia mikono ilikuwa inafanya nini wakati maneno fulani yanatoka.

Angalia pia nani anapewa nini. Hapa kuna hadithi nyingi ajabu. Kwetu, mimi na upendo wangu wote kwa michembe, sijawahi kuona mkwe akija rasmi akawekewa michembe. Atachinjiwa kuku, ataletewa ugali wa mahindi au wali. Michembe ni ya wenye nyumba. Basi fikiria binti-mkwe mpya anayemwandalia mgeni wa heshima michembe. Kwa nini? Hajui? Au nyumba imefilisika na baba mwenye nyumba hataki ijulikane? Au mgeni mwenyewe ameomba, kwa sababu amekaa mjini miaka mingi na hicho ndicho alichofunga safari kukifuata, na mama mkwe jikoni anatetemeka kwa aibu? Nilichagua hiyo ya tatu, na ndiyo hadithi yangu ambayo wasomaji wameniandikia zaidi kuihusu. Wengi wao si Wasukuma. Mmoja alisema kwao aibu hiyohiyo iko kwenye kande.

Hilo linajibu wasiwasi wako kwamba msomaji wa mjini hatavutiwa. Msomaji wa mjini ana jabali lake mahali fulani. Akiona la kwako limeelezwa kwa ukamilifu, anakumbuka la kwake. Ukimpa kijiji cha jogoo na mitungi hapati pa kushika.

Ukitaka kuona jambo hili limefanywa kwa kiwango cha juu, msome Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo tu ya maji kutoka kwetu. Aliimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Humo ndani watu wanalima, wanavua, wanapika pombe, wanatembeleana, wanaumwa na kutafuta dawa, naye haharakishi chochote. Hajali kama wewe wa nje unaona ni mambo ya kawaida. Anayaandika kwa sababu ndiyo maisha yenyewe yalivyofanyika, na alikuwa na hofu kwamba yatapotea bila kuandikwa. Miaka 35 mswada ukiwa mkononi! Kila nikikata tamaa na wachapishaji namkumbuka yeye.

Kuhusu kuandika mambo ya mjini, andika pia, hakuna anayekukataza. Michembe hupanda basi kama watu. Inafika Mwanza mjini, inafika Dar es Salaam ndani ya mifuko ya salfeti iliyoandikwa jina la mpokeaji kwa kalamu ya wino mzito, na chumba cha kupanga ambako inapikwa kwa jiko la gesi, majirani wakiuliza harufu hiyo ni ya nini, ni mahali pazuri sana pa kuanzia hadithi.

Umeuliza pia pa kupeleka kazi. Kwa mwandishi wa Kiswahili aliye Tanzania, ifuatilie Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilianza na riwaya na ushairi, washindi wa kwanza wakatangazwa Aprili 2023, na mshindi wa kila kundi alipata shilingi milioni 10 pamoja na mswada wake kuchapishwa. Ipo pia Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili ya Afrika, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma, hasa urefu wa mswada. Ila usianze na tuzo. Anza na ukurasa mmoja.

Ukurasa huo uwe wa chakula cha kwenu kimoja, kuanzia kinapotoka ardhini mpaka kinapoingia mdomoni, na kila kazi iwe na mtu anayeifanya. Usiweke neno zuri wala tamu. Ukifika mahali huna jibu la kwa nini mlifanya hivyo, pawekee alama, kisha mpigie simu aliyekulea umuulize. Ukishapata jibu, bandika ukurasa wako hapa kwenye uzi huu. Nitausoma na kukuandikia maoni yangu, na naamini wadau wengine humu watafanya hivyo pia.