BCM (kompyuta ya taa na loki) ya Silverado ya 2004: thibitisha umeme na ethi kabla ya kununua nyingine

Swali: Shikamoo fundi. Nina Chevrolet Silverado 1500 ya 2004, niko Minneapolis. Tangu baridi ianze, taa za ndani zinabaki zikiwaka hata nikifunga milango, loki zinajifunga na kujifungua zenyewe, na asubuhi naikuta betri imelala. Juzi injini iliwaka, ikazimika baada ya kama sekunde mbili, na taa ya SECURITY ikabaki. Karakana moja wamesoma msimbo wa hitilafu U1064 wakaniambia BCM imekufa. Kwenye skrepa kuna moja iliyotumika kwa bei nafuu. Niinunue nifunge mwenyewe?

Jibu: Marahaba. Usiinunue bado. U1064 maana yake ni kwamba kompyuta nyingine ndani ya gari imeiita BCM na haikujibiwa. Asiyepokea simu huenda chaji imemwishia tu. Kwenye Silverado za 2003 hadi 2006, kabla ya kuilaumu moduli yenyewe, hakikisha umeme unaifikia na ethi yake (waya wa hasi unaofungwa kwenye chasi) haijaliwa na kutu. Huko kwenu barabara humwagiwa chumvi majira yote ya baridi, kwa hiyo ethi ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Anza na betri. Ikiwa imejaa na imepumzika, isome volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, ichaji kwanza, maana umeme ukiwa dhaifu kompyuta zote huanza kutoa dalili za ajabu. Gari lako linatumia vichwa vya pembeni, vyenye boliti ya spana ya milimita 8. Fungua hasi kwanza, kisha chanya, uvute ule mpira mwekundu nyuma. Kwa nje unaonekana mzima, ila kati ya pete mbili za waya zilizolaliana mara nyingi unakuta unga wa kijani na mweupe umeshikana kama chokaa. Usafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi soda na brashi ya waya, ukaushe, ufunge. Usikaze kwa nguvu zote, kwa sababu nyuzi za boliti zilizochongwa kwenye risasi ya betri huvulika upesi.

Kisha lala chini ya mlango wa dereva na kagua waya za ethi zilizofungwa kwenye chasi. Boliti ikiwa imevimba kutu, ifungue, kwangua hadi chuma king'ae, funga tena na upake grisi juu. Usiridhike kwa macho. Washa taa kubwa na feni ya hita, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa ethi unaoingia BCM, plagi ikiwa imechomekwa. Ikisoma zaidi ya volti 0.1, umeme unakwama njiani. Kupima ohm kwa waya uliofunguliwa hakutoshi hapa: waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utasoma vizuri, lakini ukipewa kazi unashindwa.

Taa za ndani zina wakosaji wake wengine. Lile gurudumu dogo la kupunguza mwanga wa dashibodi, likisukumwa juu hadi mwisho, huwasha taa za ndani, na watu huligusa bila kujua. Swichi ya mlango nayo imo ndani ya kitasa chenyewe, na grisi yake ikiganda kwa baridi inanata, kwa hiyo BCM inaambiwa mlango uko wazi na inatii. Tazama taarifa hai kwenye mashine ya kupima huku ukifungua na kufunga mlango mmoja mmoja. Usioonyesha mabadiliko ndio wenye ugonjwa. Na kama mishale ya dashibodi imekwama au inadanganya, hiyo si BCM. Ni mota ndogo zilizo nyuma ya mishale, ugonjwa unaojulikana sana wa dashibodi za miaka hiyo.

Injini kuwaka na kuzimika ni kazi ya Passlock, mfumo wa kuzuia wizi. Kihisi chake kiko kwenye silinda ya ufunguo, BCM hukisoma, kisha hupeleka neno la siri kwenye kompyuta ya injini kupitia waya wa data. Neno lisipofika, mafuta hukatwa. Ukisoma B2960, shuku kihisi na nyaya zake nyembamba kabla ya kitu kingine. Ukisoma P1626, neno halikufika. P1631, limefika lakini si lile linalotarajiwa.

Sasa waya wa data wenyewe. Gari hili linatumia Class 2, waya mmoja tu, unaotulia kwenye volti 0 na kuruka hadi 7 wakati kompyuta zinaongea. Utaupata kwenye tundu namba 2 la plagi ya uchunguzi. 16 ni umeme wa betri, 4 na 5 ni ethi. Ufunguo ukiwa umewashwa, namba kwenye mita itachezacheza. Ikiganda kwenye 0 au kwenye volti za betri, waya umegusana na kitu au kompyuta mojawapo inaukaba. Karibu na plagi hiyo kuna kiunganishi chenye kipande cha chuma cha meno kama kitana, kinachokutanisha waya wa data wa kila kompyuta. Ukikichomoa unaweza kuziunganisha moja baada ya nyingine hadi ile inayozinyamazisha wenzake ijulikane.

BCM tunaihukumu pale tu umeme wake wote unapofika, ethi ni safi, data inacheza hadi kwenye plagi yake, na bado haijibu. Pia ikifunguliwa na kukutwa na alama za maji au kuungua. Ukiona maji, tafuta yalipopenya kabla ya kufunga nyingine. Inua zulia upande wa dereva na kagua mpira wa kioo cha mbele, la sivyo moduli mpya itakufa vilevile.

Ikithibitika, chaguo ninalolipendelea kwa gari la umri huu ni kupeleka moduli yako mwenyewe kwa mtengenezaji wa bodi za elektroniki. Inarudi na VIN (namba ya utambulisho wa gari) yako na mipangilio yako, na kazi inapungua nusu. Ukinunua iliyotumika, namba ya kipuri kwenye lebo ilingane tarakimu kwa tarakimu na yako, au iwe ile ambayo General Motors wameitaja rasmi kuwa mbadala wake, na itoke kwenye gari lenye vifaa kama vya kwako. Jihadhari na za 2007: mwaka huo Silverado Classic na Silverado ya umbo jipya ziliuzwa pamoja, na ile mpya hutumia mtandao mwingine kabisa wa data. Moduli iliyotumika inaweza pia kukataa VIN mpya. Ndiyo maana bei ya skrepa isikuvute peke yake.

Mpya huja tupu. Inahitaji Tech 2 (mashine ya kupima ya General Motors), au kifaa cha J2534 (kinachounganisha kompyuta ya kawaida na gari) na programu ya General Motors, kuandikiwa VIN na orodha ya vifaa vya gari. Orodha hiyo ya herufi tatu tatu iko kwenye kibandiko ndani ya kisanduku cha glavu; kipige picha. Panga na mwenye kifaa kabla hujafungua skrubu hata moja, na wakati wa kuandika chaja ishikilie betri, kwa sababu volti zikishuka katikati, moduli mpya inaweza kuharibika papo hapo.

Kufunga kwenyewe ni kazi fupi. Toa hasi ya betri na usubiri dakika chache, maana plagi za njano zilizo karibu ni za mifuko ya hewa na hazichezewi. Fungua paneli ya magoti upande wa dereva, skrubu za milimita 7. BCM iko nyuma yake, karibu na nguzo ya usukani. Piga picha ya plagi zote, achia loki ya kila moja kabla ya kuvuta, na gusa chuma cha bodi kabla ya kushika moduli ili usiiunguze kwa umeme tuli. Pini iliyorudi nyuma ndani ya plagi hurudisha ugonjwa uleule, kwa hiyo zimulike kwa tochi.

Baada ya kuandika, gari lazima lijifunze Passlock. Unganisha chaja. Washa ufunguo, piga starti, achia ufunguo ubaki kwenye ON. Injini haitaendelea kuwaka. Subiri taa ya SECURITY izime, kama dakika 10. Zima, hesabu sekunde 5, rudia. Fanya mara 3 kwa jumla, yaani nusu saa, kisha zima na uwashe. Safari hii injini itaendelea. Wengi hushindwa kwa kukatisha dakika ya nane, na hapo unaanza upya. B3031 ikisomwa baadaye ni kumbukumbu tu ya kujifunza, ifute. Kilomita hazibadiliki, zinakaa kwenye dashibodi. Jaribu rimoti pia, zikikataa zifundishwe upya.

Mwisho, pima umeme unaovuja usiku. Weka mita ya ampia 10 kati ya hasi na waya wake, toa balbu ya chini ya boneti, na ufunge ulimi wa kitasa kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Liache saa moja lilale. Chini ya miliampia 50 ni sawa. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja hadi ishuke. Moduli ya zamani usiirudishe dukani ili urudishiwe amana kabla kipimo hicho hakijapita asubuhi mbili mfululizo.