Maswali yenu: kufunga flai za trauti, za mashindano na za kawaida

Safari hii karibu maswali yote ni ya flai, zile ndoano ndogo zinavishwa manyoya na nyuzi mpaka samaki anayeitwa trauti aone mdudu. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Nasikia kuna mashindano ya kufunga flai. Sasa mshindi anajulikanaje na samaki hayuko hapo? (Nanyuki)

Samaki angekuwa jaji ingekuwa rahisi sana, manake yeye hula hata flai imechakaa imebaki uzi. Jaji ni mtu, tena ameshika lenzi. Kwa kawaida mnatajiwa flai ya kufunga na muda wake, na mahali pengi hawataki moja, wanataka kadhaa za aina hiyo hiyo, na hapo ndio wengi huachana na kombe. Moja nzuri inaweza kuwa bahati. Tatu ambazo ukizichanganya kiganjani hujui gani ilitangulia, hiyo sasa ni kazi.

Chukua Adams, flai ya juu ya maji ambayo Len Halladay aliifunga Michigan, Marekani, mwaka 1922, na mpaka leo iko kwa kila kisanduku. Mkia uwe kama urefu wa mgongo wa ndoano. Kola ya manyoya, ikizungushwa ikasimama, nywele zake ziwe na urefu wa kama mara moja na nusu ya mdomo wa ndoano, yaani ile nafasi kati ya mgongo na ncha, hapo flai inakaa juu ya maji vizuri bila kulala ubavu. Mabawa ni ncha mbili za manyoya ya madoadoa, yawe sawa kimo na yasitazame pande tofauti kama watu wamegombana. Mwili unene kidogo kidogo kuelekea mbele. Halafu kichwa, bana, kichwa! Mimi nikipewa flai naanzia hapo. Ukikuta uzi umejazana mpaka umeziba tundu la ndoano ujue huyo alikosa nafasi, alianza mabawa mbele sana, sasa anafinyilia kila kitu pale mwisho. Anayejua huacha nafasi ya tundu tangu mzunguko wa kwanza wa uzi, kabla hata hajashika unyoya.

Mimi nafunga flai kwa kampuni Nairobi, tunalipwa kwa dazeni. Hao wa mashindano wananizidi nini? (Kawangware)

Dada yangu, kwa mikono hawakuzidi, na hapa nitaegemea upande wako wazi wazi. Kenya ni moja ya nchi zinazofunga flai nyingi za kuuzwa Ulaya na Marekani, na mtu anayerudisha dazeni na zote zinatoshana anafanya kila siku kile wengine wanakifanyia mazoezi ya wikendi. Kinachokusumbua ni kingine, umezoea oda moja muda mrefu mkono unajua njia, sasa ukipewa flai hujawahi kuiona ndio unaanza kusitasita. Kwa hivyo jioni funga za mitindo tofauti, moja inayoelea, moja inayozama, moja ya mabawa, halafu pima kwa rula, usiamini jicho. Na pia punguza mbio. Kazini mbio ni pesa lakini jaji hakulipi kwa dazeni.

Kwa nini flai za wanaovua kwa mashindano ni mbaya hivyo? Nilitegemea maajabu nikaona kijiti kina shanga. (Eldoret)

Hayo ni mashindano mengine kabisa. Kuna ya kufunga na kuna ya kuvua. Ya kuvua yana kombe la dunia chini ya FIPS-Mouche, shirikisho la kimataifa la uvuvi wa flai, tangu 1981, na huko hakuna anayesifu flai yako, wanahesabu na kupima samaki. Sheria nazo zinabana: ndoano iwe haina kile kimwiba cha kumzuia samaki kuchomoka, au kimwiba kimefinywa kabisa, na huruhusiwi kutundika kipande cha risasi, yale madini mazito, kwenye uzi wa kuvulia ili flai izame, uzito wote uwe ndani ya flai yenyewe, na shanga nayo ina kipimo. Sasa mtu afanye nini? Anafunga kitu chembamba, kizito, laini, kinachopasua maji haraka.

Hicho kijiti ulichoona nadhani ni perdigon, ya Wahispania. Shanga ya tungsteni, madini mazito sana, mbele, mkia wa nywele chache tu, mwili wa uzi uliolazwa flati, juu gundi ya UV, inayokauka kwa mwanga maalum, ikakaushwa na tochi yake ikawa kama kioo. Hakuna manyoya ya kushika maji kwa hivyo inafika chini walipo samaki kabla mkondo haujaibeba. Mimi huiona nzuri hivyo hivyo. Na jaribu kuifunga uone, ule mwili ukiwa na donge moja tu la uzi, gundi inalionyesha kwa kila mtu.

Wazo lenyewe si jipya. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Wiltshire, Uingereza, alifunga flai yake ya Pheasant Tail kwa waya mwembamba wa shaba badala ya uzi, waya huo huo unafunga, unaongeza uzito na unang'aa kidogo katikati ya nyuzi za manyoya ya mkia wa ndege anayeitwa pheasant. Vifaa viwili tu. Ukitaka kujifunza anza na hiyo.

Nina jogoo wa kienyeji watano. Manyoya yao yatafaa ama lazima ninunue ya ng'ambo? Bei imenishtua. (Nyeri)

Inategemea unafunga nini, mzee wangu. Kwa flai za kuzama wa kienyeji anafaa sana, hata kuku jike, manake unataka manyoya laini yanayocheza majini. Kanga wa kufugwa pia, yale madoa yake ni mazuri kwa miguu ya mdudu. Osha kwa sabuni, kausha kabisa, funga kwa mfuko na uweke friza siku kadhaa kuua nondo na mayai yao, usiporuka hapo hutalia baadaye.

Lakini kwa flai ya kuelea jogoo wetu hana unyoya mrefu, mwembamba, wa nywele ngumu fupi zinazolingana kutoka chini hadi juu. Wale wa ng'ambo wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa manyoya tu, nyama ni habari nyingine, ndio maana bei iko hivyo. Na kuna mwaka ilipanda zaidi: 2011 Marekani akina dada walianza kushonea yale manyoya marefu kwenye nywele saluni, maduka ya wavuvi yakamalizwa, wavuvi wakabaki kulia eti saluni zimewamaliza. Nilicheka sana hiyo.

Ndege wa porini usiguse, hata unyoya ulioanguka. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 haitaki mchezo.

Ni kweli kuna mtu aliiba ndege wa makumbusho kwa sababu ya flai? (Mombasa)

Kweli kabisa. Juni 2009, Tring, Uingereza, kijana Mmarekani aliyekuwa anasomea muziki London aliingia usiku makumbushoni akatoka na ndege 299 waliokaushwa, wengine walikusanywa na Alfred Russel Wallace karne ya 19. Manyoya yao yalikuwa ya flai za samoni za mtindo wa zamani, za kuweka kwa fremu, si za trauti. Alishikwa, akapewa kifungo cha nje. Siku hizi wengi wanapaka rangi manyoya ya kawaida, na kwa macho yangu inatosha.

Trauti ni samaki wa huku kweli? (Thika)

La. Wa kwanza waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 wakawekwa mto Gura, Aberdare. Wadudu wa mtoni ni wetu lakini.

Uzi unanikatikia kila mara nikikaza. Ninunue mnene? (Kericho)

Usinunue bado. Kwanza angalia kama uzi unagusa ncha ya ndoano unapozungusha, hiyo ndio sababu ya kwanza, ingiza ndoano zaidi kwenye vaisi, kile kibano kinachoishika, ama zungusha ukiwa mbali na ncha. Pili pitisha kijiti cha pamba mdomoni mwa bobini, kile kifaa kinachoshika gurudumu la uzi, kikinasa kuna ukali pale, uzi unakatwa na bobini yenyewe, badilisha. Tatu, ile bobini ikikaza sana unavuta uzi kwa nguvu bila kujua, legeza iteremke kwa kidole tu. Kama bado unakatika, niandikie ni uzi gani na ndoano namba ngapi.