Kitini cha kufundishia WAJA kuhusu kipindupindu: kipunguze, kisha kijaribishe

Mkuu, umesema una kitini cha kurasa 60 kilichotafsiriwa, na siku mbili za kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii (WAJA) kabla ya masika. Kipunguze kibaki kurasa 12. Historia ya ugonjwa na maumbo ya bakteria ondoa zote. Mlangoni mama atauliza: "Hiki kidonge naweka kwenye ndoo gani?"

Kila somo lishike kitendo kimoja ambacho WAJA atakifanya kwa mikono yake mbele ya watu. Chukua kutibu maji. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu, kisha unasubiri dakika 30. Leta darasani ndoo na madumu yaleyale yaliyoko majumbani, maana makosa huanzia kwenye ujazo. Maji ya tope yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo kidonge kiingie. Uchafu hula klorini na vijidudu vikabaki. Vidonge vya nguvu tofauti vipo, kwa hiyo wazoeshwe kusoma pakiti. Na iandikwe kwa herufi nene: kidonge hakimezwi. Usidhani hilo kila mtu analijua.

ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kukorogea maji anayopewa anayeharisha, ndiyo yenye hatari zaidi. Pakiti ya lita moja ikikorogwa kwenye kikombe kimoja, chumvi inazidi na mtoto anadhurika. Chora chupa mbili za nusu lita kando ya pakiti. Pakiti ikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, si vya kilima. Kila mshiriki apitishe kisu juu ya kijiko, kisha aonje. Kinywaji kikizidi chumvi ya machozi, kimwagwe. Anayeharisha maji kama ya mchele hasubiri nyumbani: apelekwe kituoni huku akinywa njiani.

Bango kitita, yaani karatasi za picha zilizofungwa pamoja na kupinduliwa moja moja, liwe A3, picha upande wa watu, maneno upande wa msemaji. A4 haionekani kwa watu 15 waliokaa chini ya mwembe. Picha zijaribishwe kwa watu kama kumi wa kijiji hichohicho, mmoja mmoja, mbali na mwenyekiti. Uliza "unaona nini hapa?" kabla ya "inakuambia ufanye nini?" Swali la "umeelewa?" halina faida, kwa heshima tu kila mtu atajibu ndiyo. Mishale, alama ya X na mkono uliochorwa ukaishia kwenye kifundo ndivyo vinavyopotosha mara nyingi. Watatu kati ya kumi wakisoma vingine, picha irudi kwa mchoraji.

Uvumi upewe saa nzima, wala usiuache kwenye "mengineyo". Kaskazini mwa Msumbiji wahudumu wamewahi kushambuliwa na watu walioamini kwamba klorini ndiyo inayoleta kipindupindu. Mshiriki mmoja aigize mzee mkaidi, mwingine ajibu: asikilize hadi mwisho, asibeze, anywe maji yaliyotibiwa mbele yake. Kila WAJA apewe daftari lenye safu nne: tarehe, kitongoji, kilichosemwa, jibu lililotolewa. Wiki moja ya daftari hilo itakuonyesha ukurasa gani wa kitini unapwaya.

Washiriki wasizidi 25, na nusu ya muda iwe mazoezi. Asubuhi ya siku ya pili waende kwenye kaya, wawili wawili, msimamizi akiwa na orodha ya vitendo vya kutazama. Mtihani wa kuandika utakuambia nani anajua kuandika.

Kabla ya siku hiyo chapisha nakala tano tu, na usilamineti kitu. Zilizobaki zisubiri masahihisho na saini ya mratibu wa elimu ya afya wa halmashauri. Ujumbe ukipishana na wa zahanati, WAJA ndiye atakayezomewa.