Je, Mungu amefunga mlango kwa sababu ya hasira yangu?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Tuliishi Sakina, Arusha, miaka 9. Mume wangu akapunguzwa kazini, tukarudi kihamba, shamba la ukoo, cha wakwe zangu huku Marangu. Siku ya kufungasha, binti yangu aliangusha chupa ya chai ikapasuka. Nilimfokea maneno ambayo hata kuyaandika naona aibu. Mama mmoja wa maombi ameniambia Mungu alitufungia Arusha kwa sababu ya ulimi wangu. Sasa nikipiga magoti nasikia sauti yake tu. Ni kweli?

JIBU: Amina, mama. Pole na safari, na pole zaidi kwa neno hilo. Si kweli, na nitakuonyesha kwa nini nasema hivyo.

Fungua Matendo ya Mitume, mwisho wa sura ya 15. Paulo na Barnaba wanagombana juu ya Marko, msaidizi wao aliyewahi kuwaacha safarini: "palitokea mashindano baina yao hata wakatengana." Kumbuka Barnaba ndiye aliyempeleka Paulo kwa mitume wakati wote walipokuwa wakimwogopa. Sasa hata kusafiri pamoja hawawezi.

Endelea na sura ya 16. Paulo anataka kuhubiri Asia, yaani jimbo la Kirumi la wakati ule, si bara zima, Roho Mtakatifu anamkataza. Anajaribu Bithinia, haruhusiwi. Ingekuwa rahisi Luka, mwandishi wa kitabu hiki, aandike kwamba njia zilizibwa kwa sababu ya ugomvi ule. Ugomvi ameutaja, njia zilizozibwa amezitaja, lakini hakusema hata mara moja kwamba hili limetokana na lile. Mimi kimya hicho cha Luka kimenituliza miaka mingi, hasa nilipohamishwa usharika nilioupenda nikaanza kuhesabu makosa yangu usiku.

Paulo akateremka Troa, akavuka bahari mpaka Filipi. Kando ya mto akaketi na wanawake, na Bwana akaufungua moyo wa Lidia, mwuza rangi ya zambarau, mwenyeji wa Thiatira. Mama, Thiatira iko Asia! Ile ile aliyokatazwa. Baadaye akaruhusiwa kuingia Asia yenyewe, akafundisha Efeso miaka 2. Ila alipokuwa Troa, kabla ya maono ya usiku yaliyomwita ng'ambo, hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba amekataliwa mara mbili. Hapo ndipo ulipo wewe leo, na siwezi kukuahidi utakachokikuta Marangu, maana sijaonyeshwa. Ninachojua ni kwamba aliyemwongoza Paulo alimwongoza akiwa na ugomvi wake bado haujapoa.

Hasira yenyewe usiifunike. Mtoto aliumia. Kwa Mungu umeshatubu, lakini binti hajasikia maombi yako ya chumbani. Mwite, ukae naye chini, useme, "Mwanangu, nilikukosea, nisamehe." Usitaje uchovu wala mizigo ya siku ile. Inaweza isiishe mara moja. Kwa Marko ilichukua miaka, hadi Paulo akamwandikia Timotheo amlete, "maana anifaa kwa utumishi."

Yule mama wa maombi endelea kumsalimia, ila jambo hili usilijadili naye tena. Na mkipata hela kidogo, shuka na binti sokoni, yeye ndiye achague chupa mpya ya chai.