Noti ya 10,000 mfukoni siyo ruhusa ya kuacha kazi

Dada, usiandike hiyo barua. Salamu baadaye.

Nimesoma uzi wako mara 2. Umevaa koti la zamani, umekuta noti ya 10,000 mfukoni siku ileile uliyokosa nauli, ukalia kwa furaha kituoni. Hapo tuko pamoja, hata mimi ningelia. Ukauliza utajuaje kwamba ule ni mkono wa Mungu na si bahati tu, na utawafundishaje wanao kuviona vitu vidogo kama hivyo. Sawa. Ila katikati, kwa mstari mmoja, kama mtu anayepitisha magendo, umetaja kwamba kuna mtumishi amekwambia hiyo noti ni "mlango": uache kazi mwisho wa mwezi, ufungue duka, na kabla ya yote umpandie mbegu, yaani umtolee sadaka ya pesa ili ubarikiwe. Huo mstari ndio ulioninyima usingizi.

Mimi nilikuwa na kuku.

Mwaka 2018, Uyole, Mbeya. Tetea mmoja wa kienyeji, mweusi, jicho moja bovu, alipotea mwanzoni mwa mwezi wa sita. Tukasema kicheche kamla, tukamsahau. Wiki ya nne, Jumapili asubuhi, nikiwa uani napiga mswaki, naona majani ya maboga yanatikisika. Akatoka yeye, amekonda, manyoya ya tumboni yamenyonyoka, nyuma yake vifaranga 11. Alikuwa ametamia siku zake 21 kwenye kichaka cha jirani bila mtu kumtupia hata punje. Nilicheka peke yangu, povu la dawa ya meno linanichuruzika kidevuni. Wanangu walitoka pekupeku kwenye ule ubaridi. Hakuna aliyehitaji kunithibitishia kwamba Mungu alikuwa pale.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa na 1,200,000 zaidi.

Nikaenda kusimulia kwenye ibada. Mtumishi mmoja (jina nalihifadhi, si kwa upendo) akanishika bega: "Baba, hao 11 ni mwanzo tu. Mungu anakuonyesha mradi." Akaniletea habari ya Gideoni wa kwenye Biblia, aliyemwomba Mungu ishara kwa ngozi ya kondoo. Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, sikufungua Waamuzi 6 nione kwamba Gideoni alishaambiwa cha kufanya kabla hajatandika ngozi yoyote, tena ile ishara aliiomba mwenyewe kwa woga. Hakuikuta uani akiwa na mswaki mdomoni.

Nikakopa kwenye kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, 1,200,000. Mbegu 200,000, hiyo ndiyo ilitoka ya kwanza. Vifaranga wa broila 300, kila mmoja 1,600, ni 480,000. Banda, mifuko ya chakula, vyombo vya maji, pesa kwisha. Maishani sikuwahi kufuga broila hata mmoja. Nilipouliza habari ya chanjo ya kideri na gumboro, magonjwa ya kuku hayo, nikaambiwa kilichobarikiwa hakifi. Nani kasema? Ayubu alibarikiwa kuliko mimi, na mifugo yake iliisha siku moja!

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Siku ya 4 tu tangu niwalete, kukawa na kesha, nikaitwa kutoa ushuhuda wa yule tetea. Kifaranga wa umri ule hana manyoya ya maana, anataka joto la nyuzi 32 hivi, na Uyole usiku wa mwezi wa saba, mnaoijua mnaijua. Nilikuwa nawapashia joto kwa majiko 2 ya mkaa. Mke wangu alikuwa Tukuyu kwa mama yake. Saa 3 usiku nikajaza mkaa, nikajisemea nitarudi saa 6 niongeze. Ushuhuda ukanoga. Nikautia chumvi kidogo, nisamehewe. Watu wakapiga vigelegele, nikawekewa mikono, nikaitwa "baba wa makundi". Nilirudi saa 11 alfajiri.

Majiko yalikuwa majivu matupu. Vifaranga wakishikwa na baridi hurundikana, kila mmoja anataka kuingia chini ya mwenzake. Kwenye kona kulikuwa na kilima cha manjano. Wa juu walikuwa bado wanalia kwa mbali, wa chini wamekuwa bapa, wamelowa. Niliwahesabu nikiwatia kwenye kiroba cha unga: 187. Waliobaki wakaendelea kupukutika, mwisho wa yote niliuza 41. (Msiniulize kama bado nakula kuku wa kukaanga. Nakula. Kwa kisasi.)

Kulipokucha nikapita jikoni. Tetea wangu wa jicho moja alikuwa kwenye beseni bovu, amejitandaza, vichwa vinachungulia kwenye mbawa. 11. Bila mkaa wa mtu.

Mtumishi? Alisema mbegu ilikuwa ndogo kuliko ufunuo. Hilo linanichoma hadi leo kuliko hata kikoba, ambacho nilikilipa miezi 14 huku akina mama wakinitazama kila Jumamosi kama mwizi wa sadaka. Sina ugomvi na kanisa, nasali bado. Nina ugomvi na watu wanaovizia mtu afurahi ndipo wamletee ankara.

Kanuni yangu, niliyoilipia: nyongeza haigeuzwi mtaji. Nyongeza unaijua. Umenunua mchicha wa 500, mama anakutupia na kifungu kingine juu, anacheka, "haya, kapike." Unasema ahsante, unakwenda kupika. Huendi kukodi shamba kwa sababu ya kile kifungu. Na mkono uliokupa umeuona kwa macho yako, humhitaji mtu wa tatu akutafsirie. Waisraeli jangwani waliokota mana ya siku. Walioikalia hadi kesho yake, Kutoka 16 inasema iliingia mabuu ikanuka. Ilikuwa ya Mungu kweli, ilishuka kutoka mbinguni, na bado ilinuka.

Duka unalitaka? Kaa na kalamu. Kodi ya fremu, leseni, mzigo wa kuanzia, utakula nini miezi 6 ya mwanzo. Hesabu ikikubali, fungua hata kama koti lingekuwa tupu. Ikikataa, hata ukute laki kwenye soksi, kesho amka uende kazini. Ile noti usiiingize kwenye hesabu kabisa.

Kama hujaivunja, pita buchani uchukue nyama, ongeza ndizi, wapikie wanao leo usiku, uwasimulie ilivyotoka kwenye koti. Na mtumishi akikuuliza mbegu iko wapi, mwambie imeliwa.