Hizo nyasi fupi kando ya Naili, nani kazikata?

Mkuu, nimesoma uzi wako wa kwenda hifadhi ya Murchison, Uganda, Desemba na mama watoto na watoto watatu. Umeuliza njia, umeuliza boti, umeuliza mavazi na chakula cha siku tatu. Halafu nikaiona picha uliyotumiwa na dalali: hema hatua kumi kutoka majini, nyasi fupi kama zulia la msikitini, na wewe chini yake umeandika "hapa ndipo tutakapolala". Hapana. Hamlali hapo. Mengine nitajibu nikikumbuka.

Hizo nyasi nani kazikata? Porini hakuna kijana wa slasha. Anayezikata ni kiboko. Anatoka majini giza likiingia, anakula kama kilo 40 kwa usiku mmoja, anarudi mtoni kabla jua halijachomoza. Pale palipokupendeza wewe ni mezani kwake, na umepanga kuwalaza wanao juu ya meza.

Mimi nilijua hayo? Sikujua. Nakaa mjini Bombo, kiboko pekee niliyekuwa namjua ni kile cha mwalimu wa madrasa.

Safari yetu aliipanga shemeji, kaka yake mama watoto. Huyu aliwahi kumsindikiza Mzungu mmoja hadi Masindi, tangu siku hiyo ni profesa wa wanyama. Yeye na dalali wake wa simu, mtu ambaye sura yake sijaiona mpaka leo ila namba yake ya kutumia pesa naijua kwa moyo, wakanihakikishia kuna "sehemu ya familia, faragha kabisa, hata barabara ya gari inashuka hadi majini". Hiyo barabara iweke akilini.

Tulitoka asubuhi. Pale kwenye hifadhi ya faru iitwayo Ziwa, Nakitoma, tukasimama kuona faru, kwa sababu Uganda faru wa porini walishakwisha wote hadi wakaanza kurudishwa 2005, na watoto walikuwa wanawaona vitabuni tu. Lile lisaa limoja tulilopanga likawa masaa matatu. Kafu tukakata kushoto, Masindi tukala, geti la Kichumbanyobo tukaingia saa kumi na moja jioni. Lami ni nzuri, hilo lisikutie wasiwasi. Lakini kambini tulifika saa moja, giza linaingia, watoto wanalia njaa, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kukagua kitu.

Askari wa hifadhi alikuwa na kibanda chake kule juu, taa yake tunaiona. Nikasema ngoja nikamuulize tupige hema wapi. Shemeji akanishika mkono: "Achana naye, huyo anataka chai tu." Mkuu, hiyo sentensi moja imenigharimu kuliko mahari ya dada yake.

Barabara ya dalali tuliiona. Mistari miwili ya udongo mtupu inashuka mtoni, katikati nyasi zimebaki, utaapa pikapu imepita hapo miaka kumi. Gari tukaliegesha pembeni, hema tukalipiga katikati yake kwa sababu pako sawa na vigingi vinaingia laini. Kichaka cha jirani majani yake yalikuwa yametapakaa kinyesi kikavu hadi usawa wa kiuno changu. Mtoto wa pili akauliza, "Baba, nani kajisaidia juu ya mti?" Tukacheka. Tulicheka sana tu.

Sasa nikueleze alichonieleza askari kesho yake. Kiboko ana mwili mpana, miguu ya kulia iko mbali na ya kushoto, kwa hiyo njia yake ya kila usiku inachimbika mifereji miwili kama ya tairi. Na akijisaidia anatawanya kwa mkia, anapaka vichaka, ndiyo alama zake. Nilipoambiwa hilo la mkia nilitamani kujizaba kofi, kwa sababu hadithi yake bibi alitusimulia tungali wadogo: kiboko aliomba ruhusa ya kuishi majini, akaambiwa atamaliza samaki, akaapa kutawanya mavi yake kila siku watu wakague kama kuna mwiba. Hadithi ninayo kichwani miaka yote, ushahidi uko mbele ya pua, na bado nikapigilia vigingi.

Kama saa sita usiku nikasikia nyasi zinang'olewa. Kwaruu. Kimya. Kwaruu. Mama watoto akanong'ona, mwambie kaka yangu apunguze kukoroma. Nikamwambia kaka yako yuko macho, ameshika mguu wangu. Kitinda mimba, ana miaka minne, akauliza kama ni ng'ombe. Nikamjibu ndiyo mwanangu, ng'ombe. Ng'ombe wa zaidi ya tani moja, ambaye nchi kavu anakimbia kukushinda wewe na mimi tukiunganishwa. Nikasoma dua zote nilizofundishwa, zikaisha, nikaanza na ya kabla ya kula, nikaikatiza katikati nilipowaza inaweza kumsaidia yeye.

Halafu akakanyaga kamba. Kumbe hakutuchukia hata kidogo, alikuwa anapita njiani kwake, sisi ndio tuliojenga katikati ya barabara. Hema likavutwa upande, nguzo ikavunjika, kitambaa kikachanika juu ya vichwa vyetu hadi nikaona nyota. Akaguna, akatoka mbio kuelekea majini. Hapo ndipo bahati yetu ilipokuwa: tungekuwa upande wa chini, kati yake na mto, usingekuwa unasoma jibu langu.

Tukakimbilia gari. Shemeji alitangulia. Alitangulia, akaingia, akafunga milango. KWA LOKI. Mimi nimebeba watoto wawili, dada yake kabeba mmoja, tunagonga kioo, yeye anatutazama kama wauza karanga wa stendi. Ananiambia leo kwamba alikuwa "anaandaa usafiri".

Honi ikamleta askari na tochi na bunduki. Hakutugombeza, ndicho kilichoniuma zaidi. Akasema tulisogeze gari hadi kwenye kibanda chake, maana mwenye njia anaweza kurudi. Tukasogea. Tukalala tumekaa, watu sita kwenye gari la watano, na shemeji akaacha taa na redio hadi alfajiri ati kufukuza wanyama. Asubuhi betri imekufa kabisa.

Hesabu sasa. Hema lilikuwa la kuazima: laki sita nikamlipa mwenyewe. Waya za kuamsha betri zilikuja na gari la wageni wengine saa tisa alasiri, boti ya saa nane imeshaondoka bila sisi. Kiingilio cha hifadhi ni cha masaa 24, ukizidisha unalipia upya, tukalipia upya. Hema halipo, kwa hiyo banda la kukodi, na banda ni bei ya watu wa dola. Kila shilingi hapo imezaliwa na dakika tano ambazo sikutembea hadi kwa askari.

Dalali nilimpigia. Akaniambia nina bahati, wenzangu wanalipa pesa nyingi kuwaona wanyama kwa karibu hivyo. Kisha akaniomba nimtumie picha za kuweka kwenye ukurasa wake.

Kwa hiyo mkuu: usipigilie hata kigingi kimoja kabla askari wa hifadhi hajakutembeza kwa miguu, mchana, akakuonyesha viboko wanapopita. Chai akitaka mpe chai, mpe na chapati. Faru waone siku ya kurudi ili ufike hata saa tisa. Ukitoka hemani usiku hata kwa haja ndogo, mwamshe askari kwanza. Sijali dalali kasema nini kuhusu mandhari, Naili hata ukiwa juu kule unaisikia.

Mavazi: bluu na nyeusi acha nyumbani, mbung'o wanazipenda, ndiyo maana mitego yao mle hifadhini ni vitambaa vya bluu na nyeusi. Hema letu lilikuwa la bluu. Alichagua nani? Usiniulize.

Maporomoko tuliyaona siku ya tatu, Naili inajibana kwenye mwanya wa kama mita 7 tu halafu inaanguka zaidi ya mita 40, unasimama pale umelowa manyunyu na unasahau deni. Nilisahau kwa robo saa, hadi shemeji alipoanza kunieleza maji yale yanatoka wapi.

Chakula sikumbuki ulichouliza. Usikiweke hemani, ngiri watakuamsha.

Ikuze ile picha yako. Tazama nyuma ya hema, kushoto, karibu na kichaka. Hiyo mistari miwili inayoshuka majini unaiona?