Maswali na Majibu: Biskuti za Bangi na Usalama wa Watoto

Nchi zilizoruhusu bangi zinawakingaje watoto na bidhaa zake? (Mwalimu, Uyole, Mbeya)

Ndugu Mwalimu, Canada, iliyoruhusu bangi kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018, inataka kifungashio kisiwe na picha ya kumvutia mtoto, kiwe kigumu kwake kukifungua, na kibebe alama nyekundu ya jani pamoja na onyo la afya. Tena bidhaa ya kuliwa hairuhusiwi kuzidi miligramu 10 za THC, yaani kiambata kinacholevya, katika pakiti moja. Jimbo la Colorado nchini Marekani liliongeza jambo ninaloliona kuwa la msingi zaidi: tangu Oktoba 2017 limekataza pipi za bangi zenye umbo la mtu, mnyama au tunda. Mtoto wa miaka mitatu hasomi onyo, huona umbo na rangi.

Kwa nini nasi tusiweke kanuni kama hizo? (Mzazi, Mafinga)

Kwa sababu sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inakataza bidhaa yenyewe. Biskuti za bangi, ambazo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imewahi kuzikamata Arusha, hupikwa kwa siri, na hatuwezi kumtarajia mpishi wake aandike kilichomo. Kwa hiyo shule zikague kinachouzwa getini. Simlengi mama muuza visheti anayefahamika mtaani, bali pakiti ambayo muuzaji mwenyewe hawezi kueleza ilikotoka.

Mtoto akila kwa bahati mbaya, nitamwelezaje daktari bila kukamatwa? (Mama, Tunduma)

Mama yangu, hofu yako naielewa, lakini mtangulize mtoto. Bangi iliyoliwa huweza kuchukua nusu saa hadi saa mbili kabla ya kuonyesha nguvu yake, hivyo utulivu wa mwanzo usikudanganye. Akilegea, akiyumba, akisinzia kupita kawaida au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali mara moja, usimtapishe wala kumnywesha maziwa kwa nguvu, na uchukue kipande kilichobaki. Mweleze daktari wazi alichokula na saa aliyokila, kwa kuwa dalili hizo hufanana na za homa ya ubongo au malaria kali, na ukificha, mwanao atachomwa sindano na kupimwa vipimo asivyovihitaji huku muda ukipotea.

Nikimjua anayeuza? (Kijana, Iringa)

Usimkabili peke yako. Piga namba 119 ya Mamlaka, bila malipo.